Sarafu ya Fedha: Jina Moja, Vitu Vitatu

Huko Nkoaranga, katika miteremko ya Mlima Meru, ndugu wawili waligawana urithi wa marehemu baba yao. Sandukuni mlikuwamo sarafu mbili za shilingi 50 za mwaka 1974, zenye kichwa cha Mwalimu Nyerere upande mmoja na picha ya kifaru upande wa pili. Moja ilikuwa imefifia kidogo. Ya pili iling'aa kama kioo ndani ya kijaluba chake. Mwandishi wa hati ya mgawo aliandika: "sarafu mbili za fedha, sawa kwa sawa", na kila ndugu akachukua moja. Baadaye yule aliyepata ile iliyofifia aliipeleka kwa sonara mjini Arusha, akarudi akilalamika kwamba amepunjwa. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu mwenzake. Neno lililoandikwa ndilo lililowaponza.

Katika makala haya tunakusudia kueleza tofauti iliyofichwa na neno hilo, kisha kupendekeza istilahi za kuitaja.

Kwanza, neno "fedha" lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni yale madini meupe. Kwa kuwa watu wa pwani walizoea kulipana kwa sarafu za madini hayo, jina la madini likawa jina la kila chombo cha malipo. "Pesa", iliyotoka Bara Hindi, ilikuwa sarafu ndogo ya shaba. Kwa hiyo, katika hati, ni vema kuandika "madini ya fedha" pale yanapokusudiwa madini.

Sarafu za madini ya fedha zina aina tatu.

Aina ya kwanza hununuliwa kwa ajili ya madini yake. Mfano ulio karibu nasi ni reale yenye sura ya Malkia Maria Theresa, iliyotumika sana Unguja na pwani yote katika karne ya 19. Haikuandikwa thamani yoyote. Watu waliikubali kwa kuwa uzito wake ulijulikana, gramu 28 hivi, na katika kila sehemu 1000 za uzito huo, 833 ni fedha safi. Hata leo hupigwa chapa mjini Vienna ikiwa na mwaka ule ule wa 1780. Siku hizi nchi kadhaa hutoa sarafu za namna hii zenye uzito wa aunsi moja, yaani gramu 31.1, Kanada, kwa mfano, ilianza mwaka 1988. Hutengenezwa kwa wingi na kwa haraka, na mikwaruzo midogo haipunguzi sana bei yake, kwani bei hufuata mzani.

Aina ya pili hupigwa chapa kwa njia ya kawaida, lakini haikupita sokoni. Haina alama za kuchakaa, ingawa huweza kuwa na mikwaruzo ya kugongana na wenzake kiwandani. Thamani yake hutokana na kubaki kwake katika hali ile iliyotoka nayo kiwandani.

Aina ya tatu hutengenezwa kwa uangalifu wa pekee. Kisahani cha madini hung'arishwa kwanza, na muhuri wa chuma hung'arishwa pia. Kisha kisahani hugongwa zaidi ya mara moja, na sarafu hushikwa kwa glavu. Mara nyingi uwanja wake huwa kama kioo na picha huwa na weupe wa ukungu. Zamani sarafu za namna hii zilipigwa ili kuujaribu muhuri kabla ya kazi kuanza. Baadaye zikawa za kuwekwa na wakusanyaji.

Sasa turudi Nkoaranga. Sarafu za mwaka 1974 zilitolewa kwa ajili ya hifadhi ya wanyamapori: twiga kwenye shilingi 25, kifaru kwenye shilingi 50, na duma kwenye sarafu ya dhahabu ya shilingi 1500. Zile za madini ya fedha zilitolewa kwa aina ya pili na ya tatu. Shilingi 50 ya aina ya pili ina uzito wa karibu gramu 32, na nusu yake tu ndiyo fedha safi, yaani gramu 16 hivi. Ile ya aina ya tatu ina gramu 35, na sehemu 925 katika 1000 ni fedha safi, yaani zaidi ya gramu 32. Picha ni ile ile, mwaka ni ule ule, na thamani iliyoandikwa ni ile ile. Lakini ndugu mmoja alipata madini maradufu ya mwenzake. Mzani mdogo ungeliwaonyesha hayo mapema.

Kwa aina ya kwanza tunapendekeza "sarafu ya uzani". "Sarafu ya akiba" haitoshi, kwani aina zote huwekwa akiba. Kwa aina ya pili, wengine husema "sarafu mpya", lakini sarafu ya mwaka 1974 si mpya tena. Na "sarafu isiyotumika" hudhaniwa kuwa ni ile iliyofutwa, kama heller ya Wajerumani. Tunapendekeza "sarafu isiyozungushwa", kwa kuwa "mzunguko wa fedha" ni usemi uliokwisha kuzoeleka. Kwa aina ya tatu, "sarafu ya kioo" humpeleka msikilizaji kwenye kioo chenyewe. "Sarafu ya kielelezo" inafaa zaidi, kwani hubeba maana ya kitu kilichofanywa kuwa mfano wa ubora.

Jina sahihi humlinda pia mwenye mali. Anayejua kwamba anayo sarafu ya kielelezo hataisugua kwa majivu ili ing'ae, maana msuguo mmoja huharibu uwanja wake, wala haurudishiki.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba daftari nalo lahitaji maneno yanayotofautisha. Laiti hati ile ingaliandika "sarafu moja isiyozungushwa na moja ya kielelezo", ndugu wale wangalijua tangu mwanzo kwamba hawakugawana sawa.