Mwanamume aliyeshtaki ili asomee uuguzi

Mwaka 1979 Joe Hogan alikuwa muuguzi tayari, tena msimamizi wa wauguzi mjini Columbus, jimbo la Mississippi, Marekani. Alichokosa ni shahada. Shule ya uuguzi ilikuwepo palepale mjini, ila chini ya chuo kikuu cha serikali cha wanawake, nacho kikamkatalia kwa sababu ni mwanamume. Akitaka, akaambiwa, aje darasani asikilize, lakini hatapewa alama. Shule nyingine ya serikali iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa Jackson, zaidi ya kilomita 230. Mtu mwenye kazi yake aiache aende huko? Akaenda mahakamani.

Kwa wengi, Hogan alikuwa mgeni anayebisha hodi kwa akina mama. Lakini wanaume waliuguza tangu zamani. Camillus de Lellis, Mwitaliano aliyezaliwa 1550, alikuwa askari wa kukodiwa na mcheza kamari sugu, pande la mtu. Donda la mguu lisilopona lilimfikisha hospitali ya San Giacomo, Roma, akaanza kama mgonjwa, kisha akawa mtumishi. Wanaume aliowakusanya kuuguza walivaa msalaba mwekundu kuanzia 1586, karibu karne tatu kabla ya ule wa shirika la Msalaba Mwekundu la Geneva.

Mlango ulifungwa baadaye. Shule ya Florence Nightingale, London, 1860, ilifundisha wanawake. Wanaume wengi wakaachiwa hospitali za wagonjwa wa akili, walikohitajiwa kwa misuli yao. Jeshi la Marekani nalo likaunda kikosi cha wauguzi mwaka 1901, wanawake watupu. Katika Vita ya Pili ya Dunia, mwanamume aliyesomea uuguzi aliingia kama askari wa kawaida huku wenzake wa kike wakipewa vyeo. Sheria ilibadilika 1955. Huku kwetu, ajabu, madresa, yaani wahudumu waliofunga vidonda katika zahanati za kikoloni, walikuwa wanaume kwa wingi, na hakuna aliyeona kioja.

Hogan alishinda 1982, majaji watano kwa wanne. Hukumu iliandikwa na Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Alisema kuwazuia wanaume kunaendeleza dhana kwamba uuguzi ni kazi ya wanawake peke yao. Hoja iliyonigusa zaidi, hata hivyo, ameiweka kwenye tanbihi, akiwataja viongozi wa chama cha wauguzi cha Marekani: kuwafungia wanaume nje kumeshusha mishahara ya wauguzi.