Kusimulia na Kujibu: Juu ya Maandalizi ya Mtihani wa Fasihi na Utunzi wa Kiingereza

Mtahiniwa wa kidato cha nne nchini Kenya hufanya karatasi tatu za Kiingereza, ambazo kwa jumla zina alama 200. Karatasi ya tatu, ambayo ndiyo inayoshughulikiwa hapa, humpa saa mbili na nusu za kuandika insha tatu: ya kwanza ni ya kubuni, isiyozidi maneno 450, ya pili ni juu ya riwaya ya lazima, na ya tatu ni juu ya kitabu kimoja kati ya vitatu vya hiari, yaani mkusanyo wa hadithi fupi, tamthilia na riwaya nyingine. Kila insha ina alama 20. Kwa kutazama hesabu hiyo, mtu angedhani kwamba mtihani huu ni mwepesi kuutayarishia, kwa kuwa vitabu hujulikana mapema na maswali hayawezi kutoka nje yake. Hata hivyo, ni karatasi hii ambayo huwaangusha hata wanafunzi ambao Kiingereza chao si kibaya. Sababu haiko katika lugha peke yake. Iko, kwa sehemu kubwa, katika namna walivyozoezwa kuelewa maana ya kujibu swali la fasihi.

Yafaa ikumbukwe kwamba karatasi yenyewe imezaliwa na historia. Kabla ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, lugha ya Kiingereza na fasihi yake yalikuwa masomo mawili mbalimbali katika shule za sekondari. Mfumo huo uliyaunganisha, na mtihani wa kwanza wa hati ya sekondari chini yake ukafanywa mwaka 1989. Vitabu vyenyewe navyo vilikuwa vimekwisha kuzusha mjadala. Mwaka 1968 Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai kwamba fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mkutano wa walimu uliofanyika Nairobi School mwaka 1974 ukalipeleka dai hilo mpaka kwenye shule. Leo hakuna anayeshangaa kumwona mtahiniwa akiulizwa juu ya riwaya ya Mkenya, au akichambua ngano ya fasihi simulizi katika karatasi ya pili. Lakini mabadiliko hayo yaligusa zaidi kile kinachosomwa. Namna ya kukisoma ili kukiandikia haikupata mjadala wa uzito huo.

Chukuliwe mfano wa The River and the Source, riwaya ya Margaret Ogola iliyotoka mwaka 1994, ambayo ilitahiniwa tangu 2013 hadi 2017. Swali la aina inayopatikana katika karatasi hii lingeweza kusema hivi: mwanamke anayesimamia haki yake huwafungulia njia wale wanaomfuata, thibitisha kauli hii kwa kurejelea riwaya hiyo. Mtahiniwa aliyezoea kusimulia huanza na kuzaliwa kwa Akoko huko Yimbo. Hutaja ng'ombe thelathini wa mahari yake, husimulia ndoa yake na Chifu Owuor Kembo, huongeza kifo cha mwana wake Obura vitani, na kabla hajafika mbali dakika hamsini zimekwisha. Kila alichoandika ni kweli, na pengine amekiandika kwa Kiingereza safi. Ila swali halikumwuliza nini kilitokea.

Swali hilo lina nusu mbili, na hapo ndipo penye utamu wake. Nusu ya kwanza ni kusimamia haki. Nusu ya pili ni kufungua njia. Watahiniwa wengi huitosheleza ile ya kwanza na kuisahau ya pili. Akoko anapoudhiwa na mama mkwe wake, harudi nyuma wala hanyamazi. Hurudi kwa baba yake, na jambo lake halina budi kusikizwa. Baada ya kufiwa na mumewe na wanawe, shemeji yake Otieno anaponyakua kiti cha uchifu, yeye hufunga safari mpaka Kisumu kwenda kuwashtakia wakuu wa serikali ya kikoloni. Hayo mawili yanathibitisha nusu ya kwanza tu. Ili yawe hoja, mtahiniwa hana budi kuonyesha yalimfungulia nani njia: kwamba safari ya Kisumu iliuonyesha ukoo wa Akoko kuwa kulikuwa na ulimwengu nje ya uamuzi wa wazee wa kiume, kwamba binti yake Nyabera, alipofiwa, aliweza kuuendea ulimwengu huo na kutafuta kimbilio katika misheni, na kwamba ni huko ambako Awiti, mjukuu, alipata elimu iliyomfanya awe mwalimu. Sasa matukio yale yale yamekuwa hoja, na tofauti yote imeletwa na sentensi mbili tatu za kuunganisha.

Ni sentensi hizo ambazo mwongozo wa kusomea hauwezi kumpa mwanafunzi. Miongozo ya vitabu vya mtihani inauzwa kila mahali, na si haki kuilaumu yote. Mingine imeandikwa na walimu wenye ujuzi. Lakini mwongozo hupanga kitabu kwa vichwa vya maudhui, sifa za wahusika na mbinu za lugha, kana kwamba mtahini naye atauliza kwa vichwa hivyo hivyo. Mwanafunzi hukariri kwamba Akoko ni jasiri, mwenye bidii na mwenye busara. Akiulizwa kama ujasiri wake ulimgharimu chochote, hana la kusema, kwa kuwa mwongozo haukuuliza hivyo. Vivyo hivyo michezo inayoonyeshwa shuleni na vikundi vya waigizaji: huchangamsha, nayo humsaidia mwanafunzi kukumbuka nyuso na sauti, lakini riwaya ya vizazi kadhaa ikifupishwa kwa saa moja jukwaani, kinachoachwa mara nyingi ni kile kile kinachounganisha tukio na tukio.

Utoaji alama wenyewe unaeleza mambo. Katika desturi ya usahihishaji wa insha za vitabu, utangulizi hupewa alama 2, hoja nne zilizoelezwa kikamilifu hupewa alama 12, lugha 4, na hitimisho 2. Hoja isiyoelezwa hupata sehemu ndogo tu ya alama zake tatu. Kwa hiyo mtahiniwa mwenye hoja nane zilizotajwa juu juu hushindwa na mwenzake aliyeshika nne na kuzikamilisha.

Hapa kuna jambo ambalo linawahusu zaidi walimu wa lugha za Kiafrika, ingawa hutazamwa kama tatizo la Idara ya Kiingereza peke yake. Mtahiniwa huyo huyo, katika kipindi hicho hicho cha mtihani, hufanya karatasi ya Fasihi ya Kiswahili, ambayo humtaka ajibu maswali manne kwa alama 80. Huko hoja huhesabiwa moja moja. Mwanafunzi huzoezwa kuzipanga kwa nambari, kila moja ikiwa na mfano mfupi wa kitabuni, na mwalimu mwema humwonya asipoteze wakati kwa utangulizi mrefu. Mazoezi hayo yana faida yake: humfundisha mwanafunzi kuwa na hoja nyingi na kutozunguka. Ila akiingia nayo katika chumba cha Kiingereza, huandika orodha iliyovishwa nguo za aya, kila aya ikianza upya kama haijui iliyotangulia. Na yule aliyeshika desturi ya Kiingereza hufika kwenye karatasi ya Kiswahili na kupamba utangulizi ambao hauna alama hata moja. Wote wawili wamesoma vitabu. Hakuna aliyewaambia kwamba jibu la fasihi lina maumbo mawili, na kwamba kila umbo lina kanuni zake.

Hawaambiwi kwa sababu walimu wao hawakukutana. Katika vyuo vikuu vyetu, anayeandaliwa kufundisha Kiingereza kwa kawaida huunganisha lugha hiyo na fasihi yake, na anayeandaliwa kufundisha Kiswahili hukiunganisha na somo jingine kama Historia, Jiografia au Dini. Wakifika shuleni huketi katika idara moja ya lugha, pengine hata kwenye meza moja, na kila mmoja husahihisha insha za mwanafunzi yule yule bila kuona alichokiandika mwenzake. Zoezi la nusu saa, ambapo swali moja linajibiwa kwa maumbo yote mawili, lingemfaa mwanafunzi kuliko mwongozo wa tatu.

Kuhusu insha ya kubuni, ugonjwa ni ule ule ila umevaa sura nyingine. Insha hii husahihishwa kwa makundi manne. Kundi la chini kabisa, la alama 1 hadi 5, ni la wale wasioeleweka. La juu, la alama 16 hadi 20, ni la wale wanaoandika kwa wepesi, kwa mvuto na kwa ubunifu wao wenyewe. Kati ya hayo mna makundi mawili, na humo ndimo wanamojazana waliokariri. Mazoea hayo huanza mbali, katika shule ya msingi, ambako mtoto hufundishwa mianzo iliyo tayari: jua linachomoza, ndege wanaimba, mawingu meupe yanaelea angani, hata kama kisa chenyewe ni cha ajali iliyotokea usiku wa manane. Katika Kiswahili mapambo ya namna hiyo, pamoja na methali zilizopangwa kama matofali, yamekuwa yakivumiliwa mno, na pengine kusifiwa. Msahihishaji wa Kiingereza huyatambua upesi, maana ameyakuta katika madaftari kadha wa kadha asubuhi hiyo hiyo.

Kuna pia makosa yanayotokana na lugha zenyewe, nayo yanastahili huruma kuliko yale ya kukariri. Kiswahili kikisha kuweka wakati uliopita mwanzoni mwa kisa, humwachia -ka- kazi ya kuendeleza mfululizo: alitoka, akafika mtoni, akamwona mzee. Kitenzi cha pili na cha tatu havihitaji tena kutaja wakati. Kiingereza hudai wakati utajwe katika kila kitenzi, na mwanafunzi anayesimulia kwa mwendo wa -ka- huteleza kutoka wakati uliopita hadi uliopo bila kusikia kosa. Kadhalika nafsi ya tatu katika Kiswahili haimbagui mwanamume na mwanamke, na si ajabu kumwona shangazi akianza aya akiwa mwanamke na kuimaliza akiwa mwanamume. Kuyaandikia makosa haya kalamu nyekundu pembeni hakusaidii sana. Kumweka mwanafunzi aisome insha yake kwa sauti, kitenzi baada ya kitenzi, husaidia, kwa kuwa sikio hukamata kile jicho lililochoka limekipita.

Maandalizi yenye manufaa, basi, hayana siri kubwa. Kitabu kisomwe chote kabla mwongozo haujafunguliwa, kisha kisomwe tena kwa kumfuata mhusika mmoja mmoja tangu anapoingia mpaka anapotoka. Swali livunjwe vipande kabla ya kujibiwa, na kila kipande kipigiwe mstari. Mazoezi yaandikwe kwa saa, dakika hamsini kwa insha, ambazo kumi zake ni za kupanga. Darasani, wanafunzi waachwe wabishane juu ya swali kwa lugha yoyote waliyo nayo, hata Kiswahili, kwa maana anayeweza kuitetea hoja yake kwa mdomo amekwisha kuipata. Kilichobaki ni kuipeleka kwenye Kiingereza. Shule zinazokataza jambo hilo kwa hofu ya kuharibu Kiingereza huzuia fikira pamoja na lugha.

Watahiniwa wa mwisho wa mtihani huu ni wale waliomaliza darasa la nane mwaka 2023, ambao wanatarajiwa kuufanya mwaka 2027. Katika sekondari ya juu ya mfumo mpya, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza Januari 2026, Fasihi ya Kiingereza na Fasihi ya Kiswahili yamekuwa masomo ya kuchagua, yaliyotengwa tena na lugha zenyewe kama ilivyokuwa kabla ya 1985 kwa upande wa Kiingereza. Mwanafunzi atakayeyachagua yote mawili atakuwa na walimu wawili wa fasihi, na suala la hoja kuandikwa kwa nambari au kwa aya litakuwa bado linamngoja.