Orodha ya mvinyo kwenye nyama choma: mtaji unaozunguka au mtaji uliolala?

Mpunga ukishavunwa Malinyi, fedha hutafuta pa kwenda. Baadhi hurudi shambani, nyingine huingia katika mashine za kukoboa, maduka na nyumba za wageni. Sehemu nyingine huelekea kwenye biashara inayoonekana rahisi: nyumba ya nyama choma yenye viti vya kutosha, vinywaji vya baridi na orodha ya mvinyo mezani. Mwekezaji mdogo anayeombwa kuingia ubia katika nyumba ya namna hiyo huonyeshwa orodha hiyo kama ushahidi kwamba biashara imepanda daraja. Kabla ya kutoa fedha inampasa aisome kama anavyosoma daftari la ghala. Uzuri wa karatasi na urefu wa majina havimsaidii.

Sababu ni kwamba nyama na mvinyo ni biashara mbili tofauti zilizo chini ya paa moja. Bonde la Kilombero lina ng'ombe. Nyama hununuliwa asubuhi na kufikia usiku imegeuka fedha taslimu, na mtaji ule ule huweza kufanya kazi tena kesho yake. Mvinyo hautoki bondeni. Ule wa Dodoma hupitia Morogoro, Mikumi na Ifakara kabla ya kuvuka mto Kilombero na kuelekea Lupiro na Malinyi. Ule wa Afrika Kusini huwa umekwisha kusafiri kwa meli na kukaa katika maghala ya Dar es Salaam.

Daraja la mto Kilombero lililofunguliwa mwaka 2018 liliondoa adha ya kusubiri kivuko. Hata hivyo, mvua za masika zimekuwa zikiisumbua barabara ya Malinyi kwa miaka mingi, na mafuriko si jambo geni katika bonde hilo. Masika ndiyo pia majira ambayo mpunga bado uko shambani na mifuko ya wateja ni myepesi. Chupa isiyouzwa kabla ya mvua, basi, huenda ikamsubiri mnunuzi hadi mavuno.

Hesabu ya chupa

Tuchukue mfano wa nyumba yenye aina 24 za mvinyo, kila aina chupa 6. Hizo ni chupa 144. Ikiwa bei ya kununulia ni wastani wa shilingi 15,000 kwa chupa, fedha iliyo kwenye rafu ni shilingi 2,160,000. Nyumba ikiuza chupa 12 kwa wiki, itachukua wiki 12 kumaliza mzigo huo. Na hapo tumechukulia kwamba aina zote zinauzika sawa, jambo ambalo halitokei. Kwa kawaida aina chache hubeba mauzo na nyingine hukusanya vumbi.

Nyumba hiyo hiyo ikibaki na aina 8, chupa 6 kila moja, itakuwa na chupa 48 zenye thamani ya shilingi 720,000, na kwa mauzo yale yale itazimaliza kwa wiki 4. Tofauti ni shilingi 1,440,000. Kama kilo ya nyama ni shilingi 10,000, fedha hizo zinatosha kununua kilo 144 za nyama, yaani bidhaa ambayo mteja wa Malinyi alikuja kuifuata tangu mwanzo.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa meneja halihusu aina ngapi anazo. Aulizwe ni chupa ngapi za kila aina ziliuzwa katika miezi mitatu iliyopita. Akiwa na daftari, atajibu. Akianza kusifu majina ya chupa, mwekezaji amekwisha kupata jibu.

Glasi huleta faida, na hasara pia

Chupa ya kawaida ina mililita 750, sawa na glasi tano za mililita 150. Chupa iliyonunuliwa kwa shilingi 15,000 ikiuzwa kwa glasi, shilingi 7,000 kila moja, italeta shilingi 35,000. Ikiuzwa nzima kwa shilingi 30,000 italeta pungufu. Ndiyo maana wenye nyumba nyingi hupenda kuuza kwa glasi.

Tatizo ni kwamba mvinyo uliokwisha kufunguliwa huanza kuharibika kwa kukutana na hewa. Hata ukiwekwa kwenye friji, ubora wake hudumu siku chache tu, kiasi cha tatu hadi tano. Glasi mbili zikiuzwa na zilizobaki zikamwagwa, mapato ni shilingi 14,000, na nyumba imepata hasara ya shilingi 1,000 kabla ya kulipa umeme na mhudumu. Faida huanza glasi ya tatu. Orodha inayotoa glasi kwa kila aina, katika mji ambao wanywaji wa mvinyo kwa usiku mmoja huhesabika, inaahidi kisichowezekana. Ama mteja atapewa mvinyo uliochacha, ama mwenye mali atakuwa anamwaga fedha.

Mvinyo wa boksi, ingawa hudharauliwa, hupunguza tatizo hilo. Mfuko ulio ndani yake hunywea kadiri mvinyo unavyotoka, hewa haiingii kwa urahisi, na kinywaji hudumu kwa wiki kadhaa. Boksi la lita 5 hutoa glasi 33. Nyumba inayouza glasi kutoka kwenye boksi na kusema hivyo waziwazi katika orodha yake inaonyesha kwamba inajua hesabu.

Joto ni mshirika asiyealikwa. Mvinyo huhifadhiwa vizuri kwenye nyuzi joto 12 hadi 15 za Selsiasi. Bonde la Kilombero liko chini na lina joto la unyevunyevu. Chupa zilizopangwa juu ya kaunta, karibu na jiko la mkaa, huzeeka haraka, na mvinyo mwekundu unaotolewa ukiwa na joto la chumba cha Malinyi huonja kama umepikwa. Mwekezaji aombe kuona chupa zinapolala, na aulize friji hufanyaje kazi umeme unapokatika.

Mvinyo wa wapi?

Zabibu za mvinyo ziliingia Dodoma kupitia wamisionari wa Kitaliano wa Bihawana katika miaka ya 1950. Kwa kuwa hakuna majira ya baridi kali ya kuulaza mzabibu, wakulima wa huko huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zao hilo, na Hombolo kuna mashamba na kiwanda. Dompo, mvinyo mtamu wa kampuni ya Alko Vintages ya Dodoma, ni jina ambalo walaji wengi nchini hulitaja bila kusoma orodha.

Kodi nayo ina la kusema. Kwa miaka kadhaa sheria imetoza ushuru wa bidhaa wa chini kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za ndani, kuliko unaotokana na zabibu za nje. Nafuu hiyo ikifika hadi kwa mnunuzi wa jumla, chupa ya Dodoma humwachia mwenye nyumba nafasi kubwa zaidi ya faida. Aidha, mfanyabiashara mdogo asiyesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani hawezi kudai kurudishiwa kodi aliyotozwa na muuzaji. Kwake hiyo ni sehemu ya gharama, na isipoingizwa katika bei ya orodha, faida inayoonekana ni ya karatasini.

Pia kuna suala la uhalali. Tangu mwaka 2019 mvinyo umo katika mfumo wa stempu za kodi za kielektroniki. Chupa isiyo na stempu inaweza kuwa ya magendo au bandia, na anayekutwa nayo ndiye atakayeulizwa. Leseni ya vileo ya halmashauri nayo ionekane kabla ya makubaliano yoyote.

Mwisho, orodha ifanane na sahani. Ng'ombe wa kienyeji ana nyama isiyo na mafuta mengi, na huliwa na kachumbari, ndimu na pilipili. Mvinyo mwekundu mzito wenye ukakasi hulainishwa na mafuta. Ukikutana na pilipili, ukakasi huongezeka na mteja hamalizi glasi. Mwekundu mwepesi, mwekundu mtamu, na mweupe mkavu wa baridi, kama ule wa zabibu za Chenin Blanc unaofaa pia kwa kambale na perege wa mto Kilombero, vinatosha kuanzia. Aina moja au mbili za bei ya juu zinaweza kubaki kwa ajili ya harusi na wageni wa mbali, zikiletwa kwa oda iliyolipiwa nusu.

Nyumba yenye aina nane, bei zilizoandikwa kwa chupa na kwa glasi, chupa zenye stempu zilizolala mahali pa baridi na daftari la mauzo la wiki kwa wiki inastahili kusikilizwa. Ile yenye aina 24 na isiyo na daftari inaomba fedha za mpunga ziende kukaa kwenye rafu hadi masika yapite.