Siti ya Guka

Kuna springi moja kwa pikapu ya guka, upande wa dere, karibu na mlango, na hiyo springi haina adabu. Ukiingia na haraka inakudunga. Ukiingia pole pole inangoja ufike kwa bampu ndiyo ikudunge. Nishapoteza jeans tatu za mtush, zote zimetoboka place moja, nyuma kulia, hadi msee fulani wa mtaa akaniuliza ka hiyo ndiyo luku mpya imeingia. Nikamshow zii brathe, hiyo ni Peugeot 404.

Dinga ilikuwa ya guka. Alipotuacha, shosho aliifungia kwa kibanda ya ng'ombe, ikakaa huko kuku wakiitagia kwa karia, hadi mwaka jana akaniita akanishow niichukue, juu mimi ndiye mjukuu pekee anajua kushika spana. Niliiamsha na betri mpya, tanki safi na maombi mob. Ikanguruma. Sikuipaka rangi. Sikunyoosha ile shimo kwa matgadi yenye ng'ombe ya jirani ilipiga. Kila kitu iko venye mzae aliacha, hadi risiti za mbolea kwa kidroo. Rangi yake ya maziwa imegeuka chai, na kutu imechora ramani kwa milango. Mimi naibamba hivyo. Ukipita nayo Jogoo Road katikati ya hizo Probox na Vitz zote zinafanana, wasee wanageuza shingo.

Ngori ni siti. Ni moja ndefu, wasee watatu wanaenea mbele, juu gia iko kwa usukani, haisumbui magoti. Reksini yake ni ya kahawia. Imepasuka ikifuata mishono, na upande wa dere sponji imetoka nje ka mkate mtu aling'ata akaacha. Sasa nishone, ama niache?

Jiji ya kuvalisha vitu

Hii swali ni noma ukiwa Kanairo, juu sisi ni watu wa kuvalisha vitu. Ingia keja ya mathe yeyote: kochi imevalishwa vitambaa, TV iko na yake, hadi redio ina ka-kitambaa kake. Msee akinunua ndai, nailoni za siti hazitoki hadi zijitoe zenyewe, na bado ataulizana nani alizirarua. Na nganya je? Mat ya Umoja ama Rongai ikimaliza miezi kadhaa bila luku mpya, abiria wanaipita wakiingia ile ya nyuma, yenye grafiti bado inanuka rangi. Mtaani kitu ikichakaa, watu wanajua tu umesota.

Kwa hivyo siku nilipark pale base, mbogi ikagawanyika. Kuna jamaa aliwahi kuwa makanga, huyo hakungoja hata nizime injini. "Maze, shona hiyo kitu! Reksini nyeusi, uzi nyekundu, almasi almasi, na jina ya guka nyuma." Sikatai, niliiona kichwani na ilikaa fiti.

Halafu kuna dem anasomea umekanika. Yeye hucheki video za wazungu wakitoa magari mzee kwa maghala, vumbi na yote, na hawaoshi hata dirisha, juu vumbi yenyewe ndiyo inapandisha bei. Akanishow: "Rangi unaeza paka mara kumi, lakini ile ya kwanza ikitoka haitarudi. Siti ni hivyo hivyo. Ukitupa hiyo reksini ya kiwanda, hakuna duka Kirinyaga Road itakuuzia ingine."

Nikaenda na dem. Sitadanganya, kilichonivutia pia ni venye rada yake ilikuwa ya bure. Hata doo ya mafuta nilikuwa nakopa.

Heshima ya matope

Ka wewe ni wa juzi, wacha nikushow hii ni ndai gani. 404 ilitoka 1960, ikachorwa na Pininfarina wa Italia, wale wale wamechora Ferrari kibao. Lakini heshima yake huku haikutoka Ulaya, ilitoka kwa matope. Safari Rally ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Hizo mbili za katikati zilikuwa za Bert Shankland wa Tanzania. Ya 1963 na ya 1968 zilikuwa za Nick Nowicki wa hapa Kenya, na hiyo miaka yote mbili magari yenye yalifika mwisho yalikuwa 7 pekee. Zingine zote zililala njiani.

Wakulima waliona hiyo kitu wakajua wanunue nini. Miaka ya sabini, 404 pikapu ikawekewa kibanda nyuma na mabenchi, ikawa mat. Hata hiyo jina "matatu" ilitoka kwa nauli: mapeni matatu, yaani senti 10 mara tatu. Mwaka wa 1973 Mzee Jomo Kenyatta akaruhusu zibebe watu bila kutafuta leseni maalum, biashara ikalipuka. So kabla ya taa za buluu na spika za kutingisha mbavu, kulikuwa na wazee wa kofia wamebanana ndani ya gari ka ya guka. Yake haikuwa mat, lakini siku ya soko ilienda Karatina na kabichi ikarudi na majirani.

Shosho akanipasua

Nikatoka hadi ocha kumshow mpango. Nilimpata nje anamenya minji. Nikamwelezea na heshima zote: shosho, hii siti siishoni, hizo nyufa ni historia. Akanisikiza hadi mwisho. Halafu akacheka hadi minji zikamwagika.

"Wewe unapenda hiyo shimo juu hukuikalia," akasema. "Mimi nimeikalia kwenda Karatina nikiwa na mimba ya shangazi yako wa mwisho, na hiyo chuma ikinidunga hapa." Akashika kiuno. "Guka wako kila msimu alisema kahawa ikilipa ataipeleka kwa fundi. Kahawa inalipa, barua ya shule inafika. Hiyo shimo unaona ni karo ya baba yako."

Manze nilinyamaza. Mimi na dem tulikuwa tumekaa base tukisifu uzee wa gari, na hakuna mwenye alikuwa amefikiria mgongo wa mtu. Shosho akaokota minji moja moja akirudisha kwa sufuria, bila kuniangalia.

"Na siku utanipeleka kliniki," akasema, "nitakaa kwa hiyo historia?"

Kariobangi, mkono kwanza

Jumamosi nikaingia Kariobangi Light Industries, kwa fundi mmoja mzae, cherehani yake ni ile nyeusi ya kukanyaga, imefungwa mguu na raba ya tyubu. Huyo buda hakucheki siti kwa macho, alianza na mkono. Akafinya reksini. Mahali ilikuwa laini akasema hii iko hai. Mahali ililia krr akasema hii ilidedi. Akanieleza venye jua hukausha ile mafuta inafanya reksini ikunjike, na ikishakuwa ngumu inapasuka mahali kuna matundu, na matundu ni ya sindano. Ndiyo maana nyufa zangu zote zilikuwa zimefuata mshono.

Kisha akapiga siti ngumi katikati, akanusa mkono.

"Hii ilinyeshewa."

Akainua mkeka wa miguuni. Bati hapo chini ilikuwa imeanza kuliwa. Sponji mzee inakunywanga maji na kuishika. Juu unaona imekauka, kumbe huko chini inakula chuma miezi na miezi. Ile plan yangu ya kuacha tu siti venye ilikuwa ikaisha hapo hapo.

Tukaitoa. Boliti nne, mbili zikakatika. Akailaza kifudifudi kwa meza, akashika plaisi, akaanza kukata vile vipete vya waya vinashikanga reksini kwa fremu, moja moja. Ilimwaga unga. Sponji ilikuwa njano, inapukutika ka makombo ya ngumu. Ndani tukapata kalamu, mahindi za kupanda, na senti 10 ya Kenyatta, kubwa ka kifuniko ya soda. Fundi akaipangusa kwa suruali.

"Bado mbili," akasema, "nikupeleke tao."

Halafu akatulia. Chini ya reksini ya kahawia, pale kwa ukingo, kulikuwa na kipande ingine imeshikilia fremu, ya kijivu, imekatwa kwa haraka. Akaivuta na kucha, akanionyesha.

"Kijana, hii ya kijivu ndiyo ilikuja na gari. Hii yenye unalinda ni ya fundi ka mimi."

Na kati ya springi na sponji, mahali kiwanda huweka kitambaa yake, kulikuwa na gunia ya kahawa, imekunjwa mara mbili, herufi zikionekana kwa mbali.

Nikapigia shosho hapo hapo. "Ee, hiyo ilishonwa Karatina," akasema, "baba yako hata hajaanza shule. Hiyo gunia niliitoa mimi. Iko?"

Iko, nikamshow. Akanyamaza kidogo, akaniambia nisiache itupwe.

Sasa ona. Dem alikuwa ananishow nilinde ya kiwanda, na ya kiwanda iliisha kitambo, kabla hata buda yangu aanze shule. Nilikuwa nimebeba kitu ingine kabisa: pesa ya guka, gunia ya shosho, na mkono wa fundi fulani wa Karatina mwenye hakuna mtu anakumbuka. Hiyo huwezi agiza Ufaransa. Ningeshona almasi na uzi nyekundu, yote ingeenda kwa pipa. Ningeiacha, maji ingemaliza.

Tukabonga bei. Kushona yote mpya, ngiri 14. Kufufua ndani na kurudisha ngozi ile ile, ngiri 11. Fundi akakuna kichwa.

"Yaani unanilipa ngiri 11 ndiyo ibaki imepasuka?"

"Eeh."

Akaitisha chai.

Kazi yenyewe

Ile springi haina adabu ilitolewa, ikawekwa ingine, na zenye zilikuwa zimelegea zikafungwa na waya. Fremu ikasuguliwa kutu, ikapakwa rangi. Gunia ikatikiswa, ikaanikwa kwa jua ya Kariobangi, ikarudi mahali yake. Juu yake sponji nzito, si ile ya godoro ya bei rahisi yenye inalala baada ya miezi mbili. Nyufa nazo, fundi alikataa supaglu hata kabla niitaje. Anasema ikikauka inakuwa ka kioo, na reksini inapasuka tena kando yake. Alipitisha kitambaa kwa chini, akapaka gundi yenye hukunjika, akavuta midomo ya ufa hadi zikakutana. Mahali ilikuwa imededi kabisa, alienda nyuma ya siti, kwa ile sehemu inaangalia ukuta wa kabini, akakata kipande hapo na kuileta mbele. Rangi ile ile, uzee ule ule. Huko nyuma akaziba na reksini mpya, na hakuna mtu ataichungulia.

Ka kwenu kuna dinga imekaa na siti imechoka, usianze kuchagua rangi ya uzi. Finya reksini, piga ngumi, inua mkeka. Ka fremu imekatika ama maji iliingia, fungua tu, hakuna mjadala. Ka ni ngozi ya juu imechanika na ndani iko fiti, tulia, unaeza ziba na uendelee. Yenye itatoka usiiachie fundi, kunja ubebe kejani. Na kabla ya hayo yote tafuta mwenye aliikalia, umuulize ilikuwa inamdunga wapi.

Jumapili nikairudisha ocha. Shosho akapanda, akakaa, akajiinua kidogo, akakaa tena ka mtu anatafuta funguo. Springi hakuipata. Akapitisha kidole kwa ufa, kutoka mwanzo hadi mwisho, na mimi nikakaza moyo, nikijua sasa ataniambia kitu ya kunitoa machozi.

Akafungua kiondo, akatoa kitambaa nyeupe ya kushona na mkono, maua pembeni, ile ile ya kochi. Akaitandaza juu ya nyufa zangu zote za ngiri 11, akainyoosha na kiganja hadi ikalala.

"Sasa twende," akasema. "Imekaa ya watu."