Samaki Mkunje Angali Mbichi? Homoni za Jinsia, Cheo na Wasiwasi katika Jamii ya Samaki

Methali isemayo "samaki mkunje angali mbichi" aghalabu hutumiwa kusisitiza kwamba tabia hujengwa utotoni, na kwamba aliyekwisha kukomaa hakunjiki tena. Katika methali hiyo samaki ni sitiari tu. Anayezungumziwa ni binadamu. Hata hivyo, samaki mwenyewe akichunguzwa angali hai majini, hubainika kwamba hukunjika hata ukubwani, na kwamba miongoni mwa vinavyomkunja ni homoni za jinsia. Makala haya yanaeleza jinsi homoni hizo zinavyohusiana na cheo na wasiwasi wa samaki, na kwa nini jambo hilo linamhusu pia binadamu.

Homoni ni kemikali zinazotolewa na tezi na kusafirishwa na damu hadi kwenye viungo mbalimbali. Homoni haisikiki kila mahali. Hufanya kazi pale tu penye vipokezi vyake. Homoni za jinsia zinazojulikana zaidi ni androjeni, ambazo huwa nyingi kwa madume, na estrojeni, ambazo huwa nyingi kwa majike. Vipokezi vya homoni hizi havipo katika viungo vya uzazi pekee. Vimo pia katika ubongo, na ndiyo sababu homoni hizo hugusa ujasiri, ugomvi na hofu.

Mfano bora unapatikana katika Ziwa Tanganyika. Humo huishi samaki mdogo aitwaye Astatotilapia burtoni, wa kundi la furu, ambao Waluo huwaita fulu. Madume wachache hutawala. Hawa huwa na rangi kali ya manjano au buluu na mstari mweusi unaopita jichoni. Hulinda eneo, hufukuza wapinzani na kuwabembeleza majike. Madume waliosalia hufifia rangi wakafanana na majike, huogelea pamoja nao, na korodani zao huwa ndogo. Tofauti hii si ya kuzaliwa. Mtawala akiondolewa, mnyonge aliyekuwa karibu huanza kuwaka rangi na kupigana katika muda wa dakika chache. Seli za ubongoni zinazoanzisha mfululizo wa homoni za uzazi huamka, androjeni huongezeka katika damu, na korodani hukua siku zinazofuata. Akishindwa na dume mkubwa zaidi, mabadiliko hayo yote hurudi nyuma.

Hapa ndipo dhana iliyozoeleka inapotikiswa. Wengi hudhani kwamba homoni ndiyo inayompa dume cheo. Kwa burtoni, nafasi katika jamii hutangulia, kisha homoni hufuata na kuiimarisha. Lakini homoni si kivuli tu cha cheo. Mnamo 2020, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kubadilisha jeni za vipokezi viwili vya androjeni katika samaki hao. Madume waliokosa kipokezi kimoja hawakuwa na rangi kali wala korodani kubwa, ilhali waliokosa kile kingine walipungukiwa na tabia ya kujamiiana na ya kutishia wapinzani. Hivyo basi, sura ya mtawala na mwenendo wa mtawala ni mambo mawili yanayoendeshwa na njia tofauti za homoni ile ile.

Wasiwasi nao una nafasi yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, majike wa burtoni waliokaribia kutaga waliachwa wachague dume, kisha wakamwona akipigana. Aliposhinda, sehemu za ubongo wa jike zinazohusika na uzazi zilichangamka. Aliposhindwa, iliyochangamka ni sehemu inayohusishwa na wasiwasi. Jike hakuguswa na yeyote. Kuona tu kulitosha.

Wasiwasi wa samaki hauwezi kuulizwa, hivyo hupimwa kwa mwenendo. Samaki akitiwa katika tangi geni huzama chini, na hupanda juu kadiri anavyotulia. Kwa kipimo hicho, watafiti nchini Uswidi walionyesha mnamo 2011 kwamba madume wa Danio rerio, samaki mdogo mwenye milia kutoka Asia Kusini, huzidi kuwa na wasiwasi na kung'ang'ania kundi wanapoishi katika maji yenye ethinilestradioli. Hii ni estrojeni ya kutengenezwa iliyomo katika vidonge vingi vya kupanga uzazi, na hufika mitoni kupitia majitaka. Mnamo 2015 ilibainika zaidi kwamba samaki waliokutana nayo wangali wachanga hubaki na wasiwasi ukubwani, na hata watoto wao ambao hawakuguswa na kemikali hiyo huurithi.

Kiasi kinachodhuru ni kidogo mno. Kati ya 2001 na 2003, estrojeni hiyo ilitiwa katika ziwa moja dogo la majaribio nchini Kanada. Gramu moja ikigawanywa mara bilioni moja, kila lita ilipata sehemu tano au sita tu. Aina moja ya samaki wadogo ilikaribia kutoweka humo, ingawa iliongezeka tena miaka kadhaa baada ya jaribio kukoma.

Mafunzo ni mawili. Samaki mkavu hukunjika, kwani cheo na homoni huendelea kufinyangana maisha yote. Wakati huo huo methali haijapoteza ukweli wake, kwa kuwa mkunjo wa utotoni ndio unaodumu na kurithiwa. Kosa si la vidonge wala la wanaovihitaji, bali ni la majitaka yasiyosafishwa vya kutosha. Jamii inayomwaga uchafu wake ziwani humkunja samaki angali mbichi pasipo kukusudia, na mkunjo huo hauonekani kwa macho ya mvuvi.