Maji ya Kivu yaligeuza njia

Wandugu, ziwa Kivu halikuwa linatokea Bukavu. Zamani maji ya bonde hili yalikuwa yanaelekea kaskazini, ziwa Edouard, mpaka mto Nil. Kisha volkano za Virunga zikaota katikati na kufunga njia. Maji yakapanda, yakapanda, njo yakapata mulango kusini. Leo Ruzizi inashuka karibu metre 700 mpaka Tanganyika, na mtelemko ule unazungusha mashini za Ruzizi I na II. Kwa hiyo kuran ya kuchajia telefone yako, siku ile iko, shukuru volkano.

Kwa nini volkano ziote pale pale? Ngozi ya dunia ni mabamba yanayosogea. Sisi tuko juu ya bamba la Nubia. Mashariki yetu kuna bamba dogo la Victoria. Yanaachana polepole sana, milimetre 2 ao 3 tu kwa mwaka. Kucha linakimbia kuliko hiyo! Lakini hesabu miaka milioni moja: kilometre 2 na zaidi. Udongo unaovutwa huku na huku unapasuka, kipande cha katikati kinazama, kando zinanyanyuka. Tanganyika iko mu shimo hilo, metre 1.470, Baikal peke yake njo inaipita. Rwenzori nayo, metre 5.109, si volkano hata kidogo: ni jiwe la zamani sana lililosukumwa juu.

Pale ngozi imekonda, moto unapata njia. Nyiragongo ilitapika 1977, 2002 na 2021. Wengi wanafikiri lava inamwagika toka juu kama sufuria ya bugali. Hapana, mulima unapasuka ubavuni, na mipasuko inafuata bonde kuja Goma. Mu 2002 lava ilipita katikati ya muji, ikaingia ziwani. Mu 2021 ilisimama karibu na kiwanja cha ndege, lakini matetemeko yaliendelea, sababu magma ilikuwa imejipenyeza chini ya muji mpaka chini ya ziwa. Njo maana tarehe 27/5 batu waliambiwa wahame.

Ziwa lenyewe limebeba gaze chini kabisa: karibu kilometre 300 za ujazo za gaze karboniki, na 60 za metani. Ziwa Nyos la Kamerun ni kadogo sana mbele ya Kivu. Mu 1986 gaze karboniki ilitoka mule usiku, ikaua watu karibu 1.700.