Kabla ya kununua ploti Chepkoilel, hesabu miti kwanza

Ukipanda matatu kutoka Eldoret mjini kwenda Chuo Kikuu cha Eldoret, pale Chepkoilel, utaona hosteli mpya, mabango ya ploti na mashamba ya mahindi. Miti? Ni ya kuhesabu.

Vijana wengi tunadhani gesi ya kaboni ni mambo ya magari na viwanda tu. Wapi! Umeme wa Kenya mwingi hutokana na mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Huku kwetu, kilimo na matumizi ya ardhi ndivyo vinavyotoa gesi nyingi zaidi.

Inakuwaje? Takriban nusu ya uzito wa mti uliokauka ni kaboni. Mti ukichomwa makaa, kaboni hiyo hurudi hewani: kila tani moja hugeuka karibu tani 3.7 za gesi. Ukipasuliwa mbao za paa, hukaa humo miaka mingi. Udongo nao ni ghala. Ukilimwa kila msimu, au kinamasi kikikaushwa, kaboni hutoka polepole bila moshi wowote.

Eldoret imeyaona haya. Kampuni ya EATEC ilikuwa na maelfu ya ekari za miwati, ile miti ambayo gome lake hutumika kutengeneza ngozi. Ardhi hiyo ilipouzwa karibu mwaka wa 2000, sehemu kubwa iligeuka mashamba na mitaa. Watu walipata makao na chakula, na hilo si dogo. Lakini ghala la kaboni lilipungua.

Serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, kisha ikaondoa marufuku hayo Julai 2023. Sasa inalenga kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Shida ni kwamba mche wa leo utahitaji miaka mingi kufikia mti mkubwa uliokatwa jana, na ukiliwa na mbuzi, hesabu inarudi sufuri.

Kwa hivyo jenga, lakini acha miti ya mpakani. Usimwage kifusi kwenye kinamasi. Wanafunzi wa misitu wako papo hapo chuoni, waulize mti unaofaa udongo wako. Na ile miche mliyopiga nayo selfi wakati wa mvua? Kiangazi kikifika, rudini na maji.